Nyama ya Kondoo, Nyama ya Nguruwe, na Mke Wangu Asiyekula

Gede, Jumapili, kabla ya magharibi.

Mvua imekatika tangu asubuhi na jua limetoka kali juu ya matope. Hewa ni nzito kama nguo iliyolowa. Nimekaa ukumbini peke yangu. Jikoni ipo sufuria ya nyama ya kondoo ambayo hakuna mtu aliyeigusa, na nzi wameanza kuizunguka. Sina nguvu ya kuinuka niifunike.

Nilitaka kuandika kwamba nina hasira. Si kweli. Mtu mwenye hasira anajua anachotaka kifanyike.

Mke wangu Kadzo anaugua tangu mwisho wa kaskazi. Ilianza kwa kuchoka, kisha kizunguzungu, kisha akawa hawezi kuteka ndoo ya maji bila kukaa chini njiani. Nilimpeleka Malindi. Daktari alimvuta kope akatazama ndani, akamtazama viganja, akapima damu, akasema imepungua mno. Akatupa vidonge. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza maswali, akasema, "Mzee, vidonge peke yake havitatosha. Mama ale nyama."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nyama ninayo.

Mimi ni mfugaji wa nguruwe. Nilianza nilipostaafu ualimu, kwa mbegu niliyopewa kupitia kanisa letu, ambamo mimi ni mmoja wa wazee. Banda nililijenga nyuma kabisa, upande wa mihogo, ili upepo usiwapelekee harufu majirani zetu Waislamu. Kadzo aliipika nyama ile kwa ndimu na pilipili, na kila harusi ya ushirika wetu aliitwa yeye jikoni. Watoto wetu wamekua kwa nyama hiyo.

Basi nikachinja. Kadzo akatia kipande kimoja mdomoni, akatapika. Safari ya pili harufu peke yake ilitosha. Mwishowe akawa anatapika akisikia tu nguruwe wakilia kwa kudai chakula.

Hapo ndipo alipokuja Jumwa, dada yake mkubwa, kutoka bara. Alimtazama mgonjwa, akakaa kitako, akasema, "Shemeji, umesoma sana, lakini hili halisomwi. Mwenzio ana jini. Tena jini Mwislamu."

Kwetu Wagiriama jambo hili si geni. Mtu huugua, akaikataa nguruwe, akalikataa tembo la mnazi, na mganga akasema amekaliwa na jini la Kiislamu, ambalo halitatulia mpaka mwenyewe asilimu. Watu hao wapo kila kijiji. Huitwa mahaji. Wanaswali, wanafunga Ramadhani, wengi wao wamepona, wala hakuna awachekaye. Hata mimi sikuwahi kuwacheka. Nilidhani tu kwamba ni mambo ya nyumba za watu wengine.

Nilimwambia Jumwa kwamba maneno hayo hayasemwi chini ya paa langu.

"Haya," akasema. "Nitayasemea uani. Jini halina shida, linasikia popote."

Kadzo, aliyekuwa amelala, alicheka. "Mwache Mwalimu, dada. Akikutana na jini atalisahihisha insha yake kwanza."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka humu ndani.

Wiki hii alikuja binti yetu Sidi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu mfumo huu mpya wa elimu uanze amepewa kufundisha sayansikimu. Alileta kitabu chenye jedwali la vyakula. Alinipa shikamoo, akamwona mama yake, akarudi ukumbini macho yakiwa mekundu, akakifungua kitabu mbele yangu. Tukainama juu yake baba na mwana, mimi na miwani yangu, yeye na kidole chake.

Tuliilinganisha nyama ya kondoo na nyama ya nguruwe, safu kwa safu. Kwa protini hazipitani kwa kitu cha kutajwa. Mafuta hutegemea kipande ukatacho na unono wa mnyama, ingawa yale ya kondoo huganda upesi sahanini, jambo ambalo sikuhitaji kitabu kunifundisha. Nguruwe anamshinda kondoo kwa vitamini mojawapo ya kundi la B, ile iusaidiayo mwili kupata nguvu kutokana na chakula. Kondoo naye anamshinda nguruwe kwa vitamini nyingine ya kundi hilohilo, ambayo mwili huihitaji utengenezapo damu. Anamshinda kwa zinki. Na anamshinda kwa madini ya chuma, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta.

"Lakini baba, tofauti si kubwa," Sidi akasema. "Mama angeweza kula nguruwe na mboga zake, angepata nguvu vilevile."

"Lakini hali."

"Hali," akasema, na akakifunga kitabu.

Nilikifungua tena. Nakiri hapa kwamba nilikuwa na furaha isiyolingana na habari yenyewe. Niliona naweza kumwondolea Kadzo nguruwe sahanini kwa amri ya kitabu, si kwa amri ya jini. Jumwa asingekuwa na la kusema, na wazee wenzangu kanisani wasingekuwa na la kuuliza. Mke wa Mwalimu anakula kondoo kwa ajili ya madini ya chuma. Nilikuwa nimepata namna ya kushindwa bila kuonekana nimeshindwa.

Jana nilinunua kondoo. Bucha ya jirani yetu Athmani iko hapo ng'ambo ya ua, na ningeweza kupata kilo yangu ya nyama kabla chai haijapoa. Sikwenda. Niliona kwamba nikimlisha nyama ya kwa Athmani, iliyochinjwa Kiislamu, nitakuwa nimemtii Jumwa. Nikamchinja kondoo kwa mkono wangu mwenyewe, baada ya kusali, nikamchuna na kumkatakata. Sidi akampika kwa tangawizi na pilipili manga. Nyumba nzima ikanukia.

Nilimpelekea sahani mwenyewe.

"Nyama gani?" Kadzo akauliza.

"Kondoo."

Uso wake ukafunguka. Akajiinua kwa kiwiko. "Kondoo naweza," akasema, akachukua kijiko, akachota kikajaa. Kijiko kikafika karibu na midomo kikasimama.

"Kachinjwa na nani?"

"Mimi."

Alikirudisha kijiko sahanini polepole, kama mtu arudishaye kitu alichokiokota akagundua kina mwenyewe. "Baba Sidi, usinikasirikie," akasema. "Si mimi ninayekataa." Kisha akainamia beseni, ingawa tumboni hamkuwa na kitu cha kutoka.

Jambo nililolifanya baada ya hapo linanitia aibu. Nilikwenda nikakileta kitabu, nikasimama kando ya kitanda, nikamsomea. Nilimsomea jedwali zima, mstari kwa mstari, kwa sauti ya darasani, mwanamke aliyelala ameuelekea ukuta. Protini. Mafuta. Chuma. Sikukosea hata neno.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Ni kitabu kizuri," akasema.

Katika jedwali lile hamna safu ya aliyeshika kisu.

Leo asubuhi hakuweza kusimama kwenda kanisani. Nilikwenda peke yangu, nikakaa mbele pamoja na wazee. Niliombwa niwaongoze watu katika sala ya wagonjwa, nikaongoza. Maneno yalitoka kwa ufasaha, yakapanda, nikayahisi yamekwama kwenye mabati. Baada ya baraka sikungoja kusalimiana. Nilipofika njia panda ya kuja nyumbani, miguu ikanipeleka kwa Athmani.

Athmani ni mzaliwa wa Mambrui. Yeye na mkewe, Bi Zuhura, wameishi hapa jirani nasi tangu Sidi hajaanza shule. Hajapata kula kwangu, wala mimi sijapata kuudhika kwa hilo. Tunasalimiana juu ya ua na tunazikana. Nilimkuta barazani amevaa kikoi na fulana, ananyoa ndevu akitazama kioo kidogo.

"Mwalimu! Karibu. Leo kanisa limekutoa mapema."

"Nimekuja na shida, Bwana Athmani."

"Shida haina Jumapili. Kaa."

Nikakaa, nikamweleza. Sikuficha kitu ila jina la Jumwa. Alinisikiliza povu likimkaukia shavuni.

"Kumbe ulichinja mwenyewe. Nilimsikia kondoo. Nikamwambia Zuhura, leo Mwalimu ananinyang'anya kazi."

"Niliomba Mungu kabla ya kumchinja."

"Sina shaka. Na wapo wanazuoni wasemao nyama ya watu wa Kitabu tumeruhusiwa." Akafuta shavu kwa kitambaa. "Ila jini la mkeo halikusoma kwa wanazuoni hao."

Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa amelisema vizuri. Kisha akaniona usoni, akauweka wembe chini.

Nilimwomba aje kwangu na kisu chake, amchinje kondoo mwingine, hata leo hii. Nilimwomba kwa heshima zote. Sikumbuki kama nilipata kumwomba mtu kitu kwa namna hiyo.

"Kuja nitakuja," akasema. "Lakini atapikwa wapi?"

"Jikoni kwangu."

Athmani akatazama sakafu. Ni Bi Zuhura aliyejibu, akiwa ndani, nyuma ya pazia. "Shikamoo, Mwalimu. Niwie radhi, lakini tusidanganyane. Sufuria zenu zote zimekwisha kumpika yule. Na mgonjwa azijua moja moja, ni zake."

Sikuwa nimefikiri habari ya sufuria. Nimefundisha watu kufikiri umri wangu wote, na sufuria haikunipitia akilini.

"Nitanunua nyingine," nikasema.

"Utanunua sufuria, Mwalimu. Harufu ya banda je?" Akatoka, akajifunga leso vizuri. "Mlete kwangu. Mungu hakunipa mengi, lakini leo nina supu ya kondoo."

Nilirudi kumwambia Kadzo nikitarajia kwamba nitamkuta hawezi kuinuka. Aliinuka. Mwanamke aliyeshindwa kusimama asubuhi aliomba leso yake, akanishika mkono upande huu na Sidi upande ule, akavuka uwanja na ua. Mlangoni Bi Zuhura alimpokea kutoka mkononi mwangu. Wanawake wakaingia ndani, mimi nikabaki barazani na Athmani.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli.

"Polepole, dadangu. Haikimbii."

Kisha sauti ya Kadzo, "Niongeze."

Kwa majuma mengi nilikuwa sijasikia kutoka kwake ila "sitaki" na "basi". Niliuma mdomo ili Athmani asinione nikilia. Aligeuza uso akaanza kumfokea paka ambaye hakuwa amefanya lolote.

Ilikuwa nyama ya kondoo. Nyama ileile, kwa jedwali lilelile, kama iliyolala jikoni kwangu. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nimejilazimisha kusema kweli, kwa hiyo naliandika na hili: nilikaa nimetega sikio nikingoja kusikia kama atatapika, na sijui kama nilikuwa naogopa atapike au nilikuwa natamani.

Hakutapika.

Baadaye kidogo aliniita. Nilimkuta mkekani, amejifunika leso ya Bi Zuhura kichwani, jasho la supu likimtoka juu ya mdomo. Rangi kidogo ilikuwa imemrudia, au nilitaka kuiona. Sidi alikuwa kando yake, hanitazami.

"Nipe ruhusa, Baba Sidi."

"Ruhusa ya nini?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Niende Mambrui kwa maalim. Nisilimu."

Athmani, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliruka kama aliyekanyaga moto. "Wallahi, Mwalimu, hapa kwangu hajaambiwa neno! Mama Sidi, nisikilize. Dini si dawa ya tumbo. Haimezwi kama kidonge. Mtu huingia kwa moyo."

"Wewe wajuaje nimeingia kwa nini?" Kadzo akamjibu, kwa upole tu.

Kisha Athmani akaniambia jambo ambalo nadhani lilimgharimu kulisema. Alisema maalim atanieleza hilo bila kunificha, naye hataki nilisikie mara ya kwanza mbele ya watu: mwanamke akisilimu, na mumewe akabaki asiyekuwa Mwislamu, sheria yao haiwaachi wakae kama mke na mume.

Nikamtazama Kadzo. Alikuwa analijua. Alikuwa amelijua muda mrefu, pengine tangu siku zile alipokuwa akiuelekea ukuta.

"Na hilo nalo unaliombea ruhusa?" nikamwuliza.

"Naomba nipone kwanza. Mengine tutayasema nikiwa na damu." Akashusha pumzi. "Nilipotaka kubatizwa ili unioe, nilimwomba baba yangu ruhusa. Ulikuwepo. Mzee hakuwa na dini yako wala hii. Alilia, akanipa. Sasa sina baba wa kumwomba. Nina wewe."

Nilikuwepo. Namkumbuka mzee yule akilia mbele ya kizimba chake cha kuku. Nilikuwa kijana, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, na nilidhani analia kwa sababu hakusoma.

Nilisema, "Tutazungumza." Hilo ndilo nililolipata. Bi Zuhura akasema supu bado ipo na mgonjwa asirudishwe juani, alale hapo mpaka kesho, Sidi atabaki naye. Nikaitikia. Nikarudi hapa.

Tangu hapo nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa utaratibu na utaratibu haupo. Siamini kwamba Kadzo ana jini. Naamini kwamba hali nguruwe, hali kondoo niliyemchinja mimi, na amekula bakuli kwa Bi Zuhura akaomba jingine. Daktari hana neno la jambo hilo, wala kitabu cha Sidi, wala katekisimu yangu. Nikiwauza nguruwe wote kesho, nyumba hii itabaki nyumba iliyofuga nguruwe, na mkono wangu utabaki mkono wangu. Nimeutazama sana leo. Hauna kosa nilijualo.

Kanisa litaniuliza. Mzee asiyeweza kuisimamia nyumba yake huombwa akae viti vya nyuma. Nilitaka kuandika kwamba hilo halinitishi. Linanitisha.

Lakini hofu yangu kubwa haiko huko. Nikisema hapana, Kadzo atatii. Namjua. Hatabishana, hatatoroka, hatamwita Jumwa. Atavuka ua kurudi, ataingia chumbani, atauelekea ukuta, na atanitii mpaka afe. Nami nitakuwa nimebaki na mke wangu kwa mujibu wa sheria, na jedwali la kumsomea.

Na nikisema ndiyo, atakula. Atakula jikoni kwa mtu mwingine, atapata damu, atatembea, nitamwona juu ya ua akianika nguo, nitamwambia habari za asubuhi kama jirani.

Sioni njia ya tatu. Nimeitafuta tangu adhuhuri.

Kesho alfajiri nitakwenda nimwambie amepata ruhusa. Sitamwambia kwamba ni kwa ajili ya madini ya chuma. Hilo sasa ni neno la kitoto. Tutapanda gari mpaka Malindi, tubadilishe, tuvuke daraja la Sabaki. Nitambebea kikapu, kwa sababu bado hana nguvu. Atakapoingia kwa maalim nitakaa nje, pale watu wanapoacha viatu.

Sijui atatoka akiwa nani wangu, wala nimwite kwa jina gani. Labda nitamwuliza tu kama ana njaa.